Kiboko wa Kitabuni

Kitabu cha kujifunza kuchora katuni kikifika Bujumbura mara nyingi huwa kimeshapungua. Kuna kinachokuja ndani ya sanduku la shangazi aliyetoka Brussels, kurasa za mwanzo zimeshachorwachorwa na binamu. Kuna kinachoishi ndani ya simu, kimepigwa picha harakaharaka na kurushwa kutoka mtu hadi mtu. Na kuna kile cha kawaida zaidi: karatasi chache za fotokopi zilizobanwa kwa pini, hazina jalada wala jina la mwandishi, na mwenye nazo hajui kitabu kilikuwa cha nani. Kijana wa mtaa wa Buyenzi au Ngagara anayetaka kuchora wahusika wa katuni, karatasi hizo zinamsaidia, zinampotezea muda, au zinamharibu mkono?

Majibu ya haraka hayakosekani. Wapo wanaosema kuchora ni kipaji, mtu huzaliwa nacho, na kitabu ni cha kumfariji asiyenacho. Wapo wanaosema fuata hatua ya kwanza hadi ya nne, utachora chochote utakacho. Na majalada yenyewe huahidi hivyohivyo. Mimi naona vitabu hivi vinafundisha kazi ya mkono, tena vizuri kuliko wasomi wa sanaa wanavyotaka kukubali. Mhusika havimfundishi. Anayemtafuta mhusika humo atakilaumu kitabu bure, na anayekidharau kitabu kwa sababu hakina mhusika atajinyima kazi ya mkono ambayo angeipata kwa bei ya fotokopi.

Ukurasa wa kawaida una picha nne. Ya kwanza ni duara. Ya pili, duara limekatwa na mistari miwili, mmoja wa wima na mmoja wa kulala, yote imepinda kidogo kufuata mviringo. Ya tatu imeongezwa pua na taya. Ya nne ni mbweha kamili anayecheka, manyoya shavuni, kivuli chini ya kidevu, mng'aro ndani ya jicho. Kati ya picha ya tatu na ya nne limepita jambo ambalo hakuna aliyelieleza, na hapo ndipo watoto wengi hutupa penseli. Lakini mali ya ukurasa haiko kwenye picha ya nne. Iko kwenye ya pili. Ile mistari miwili inaeleza uso unatazama wapi: ule wa wima ukisogezwa kushoto, kichwa kimegeuka kushoto, ule wa kulala ukishushwa, kichwa kimeinama. Aliyeelewa hilo anaweza kumgeuza mbweha, ng'ombe, polisi au mama mkwe. Aliyenakili picha ya nne peke yake amepata mbweha mmoja anayetazama upande mmoja hadi mwisho wa dunia.

Kwa hiyo kipimo changu cha kitabu ni kifupi. Baada ya wiki kadhaa nacho, mwambie kijana amchore mhusika yuleyule kwa nyuma, kisha ameketi, kisha anakimbia kuwahi basi. Akiweza, kitabu kimefanya kazi. Akishindwa, alichojifunza ni kunakili picha ya mtu mwingine.

Na hapa Bujumbura kuna tatizo ambalo mwandishi wa kitabu kule London au Paris hakulifikiria. Mistari ya kiunzi, yaani yale maduara na misalaba ya mwanzo, wachapaji hupenda kuichapa kwa buluu hafifu au kijivu ili isishindane na mchoro uliokamilika. Mashine ya fotokopi haiipendi rangi hiyo. Ile buluu nyepesi wachoraji wa magazeti waliitumia miaka mingi kwa makusudi, kwa kuwa kamera ya uchapaji ilikuwa haiioni. Walichora nayo rasimu, wakapitisha wino juu, na rasimu haikuhitaji kufutwa. Sasa peleka ukurasa wa namna hiyo kwenye fotokopi ya mtaani, yenye wino unaoelekea kuisha. Kinachotoka ni picha ya nne tu, nyeusi na safi. Kiunzi kimebaki kwenye kioo cha mashine. Sehemu yenye faida ndiyo iliyopotea, na kijana anaulizwa kwa nini hana kipaji.

Lugha nayo ina mchango wake. Vitabu vilivyopo vingi ni vya Kifaransa au Kiingereza. Kweli, picha inajieleza, lakini chini ya picha huwa kuna sentensi moja fupi inayobeba siri yote: anza kwa mistari hafifu, usikandamize penseli. Asiyeisoma hukandamiza tangu duara la kwanza, kifutio kinatoboa karatasi ya daftari, na kazi inaishia kuwa chafu kabla ya pua kufika.

Ushahidi kwamba kitabu kinaweza kumtoa mtu upo, na maarufu kuliko wote ni wa Walt Disney. Akiwa kijana Kansas City, hajajulikana na yeyote, aliazima kwenye maktaba ya mji kitabu cha E. G. Lutz kuhusu utengenezaji wa katuni za filamu, kilichotoka 1920. Mashabiki wa vitabu hupenda kuishia hapo. Mimi nataka kujua alipata nini ndani yake. Lutz alieleza mbinu za kazi: namna ya kupanga karatasi zisicheze kati ya picha moja na nyingine, namna ya kutumia karatasi angavu ili kile kisichosogea kisichorwe upya kila mara, namna ya kuokoa muda. Huo ni ufundi wa karakana. Mickey hakuwemo. Mickey alikuja 1928, na aliyemchora kwa sehemu kubwa alikuwa Ub Iwerks, mwenzake aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko yeye.

Charles Schulz, aliyeanza kuchapa katuni ya Peanuts Oktoba 1950, alijifunza kwa posta kutoka shule moja ya Minneapolis. Vijitabu vya masomo vilifika nyumbani, alichora, akarudisha, na mwalimu akarejesha kazi imesahihishwa. Inasemwa kwamba katika somo la kuchora watoto alipata alama ya wastani tu, jambo la kuchekesha kwa mtu aliyekuja kuishi kwa kuchora watoto. Baadaye aliajiriwa na shule hiyohiyo kusahihisha kazi za wengine, na huko ndiko alikokutana na mwenzake ambaye jina lake lilikuja kuwa la mhusika wake mkuu, Charlie Brown. Angalia mambo hayo mawili. Kitabu kilikuwa na mtu upande wa pili, aliyekuwa akisema mkono huu ni mfupi, rudia. Na jina la mhusika halikutoka kwenye somo lolote. Lilitoka kwa jirani wa mezani.

Karatasi zetu za fotokopi hazina mtu upande wa pili. Nikiulizwa pengo kubwa liko wapi, nitasema liko hapo, kabla ya kutaja bei ya kitabu au lugha yake.

Kuna hoja ya zamani dhidi ya vitabu hivi ambayo lazima ijibiwe kwa heshima, kwa kuwa walimu wengi wa sanaa bado wanaishikilia. Viktor Lowenfeld, mwalimu kutoka Austria aliyehamia Marekani, aliandika mwaka 1947 kwamba mtoto anayepewa picha za kunakili na kupaka rangi hupoteza imani katika ndege wake mwenyewe. Akishaonyeshwa ndege wa kitabuni, anaanza kusema siwezi kuchora. Ni kweli hutokea. Lakini miaka thelathini baadaye watafiti Brent na Marjorie Wilson waliwauliza vijana picha zao zilitoka wapi, wakakuta karibu kila mchoro una asili katika mchoro mwingine: gazeti, katuni, picha ya kaka. Mwaka 2012 mtafiti Neil Cohn alikwenda mbali zaidi, akasema kuchora hujengwa kama lugha inavyojengwa, kwa kusikia na kurudia, na kwamba watoto wa Japani huendelea kuchora vizuri kwa sababu wamezungukwa na manga na wanaziiga bila kuona haya, ilhali wenzao wa Marekani wengi huacha kabla ya kubalehe.

Mimi niko upande wa Cohn, na sihitaji kwenda Japani kutafuta sababu. Kwenye magaraji ya Buyenzi mwanafunzi wa ufundi hukaa miezi akimpa fundi spana, akitazama, akirudia alichokiona, na hakuna anayemhurumia kwamba ubunifu wake unaharibiwa. Atakapokuwa fundi atabuni. Vipuri vinapoadimika hatakuwa na njia nyingine. Sijui kwa nini tunadhani mchoraji peke yake ndiye anayepaswa kuanza kwa kubuni. Alichokiona Lowenfeld si ubaya wa kuiga. Ni ubaya wa kuiga kitu kimoja tu. Mtoto mwenye ndege mmoja wa kitabuni ni mfungwa wa ndege huyo. Mwenye ndege ishirini, wa wachoraji ishirini, ameshaanza kuchagua.

Sasa tumchukue kiboko. Yumo katika karibu kila kitabu cha wanyama wa katuni, na yumo Bujumbura. Jua likielekea milima ya Kongo ng'ambo ya Tanganyika, wanaokaa kwenye baa za ufukweni huona migongo majini. Usiku wanyama hao hupanda nchi kavu kula majani, na wakazi wa karibu na ziwa wanajua kwamba njia ya kiboko haikatizwi.

Kiboko wa kitabuni ana mwili wa umbo la parachichi. Kichwa chake ni maduara mawili yaliyopandana, dogo juu kwa ajili ya paji, kubwa chini kwa ajili ya mdomo. Macho yamewekwa katikati ya duara dogo. Meno mawili ya mraba yamechomoza. Anatabasamu, na mara nyingi ni wa zambarau. Kila kitu kiko sawa kwa mujibu wa ukurasa, isipokuwa kiboko huyu hawezi kuingia majini. Kiboko wa ziwani ana pua, macho na masikio juu kabisa ya kichwa, karibu katika mstari mmoja, ili azame mwili mzima na bado aone, asikie na apumue. Unachokiona ni vinundu vichache juu ya maji. Zilizobaki, tani nzima na zaidi, ziko chini zikikusikiliza. Hicho ndicho kinachomtisha mvuvi na hichohicho ndicho kingemchekesha msomaji wa katuni. Kitabu kilipoyashusha macho hadi katikati ya paji kilimwondolea kiboko siri yake yote.

Je, tutupe ukurasa? La. Chukua maduara yaleyale mawili. Pandisha macho hadi ukingo wa juu. Bapaza paji mpaka karibu litoweke. Tundu za pua zipande nazo juu ya duara kubwa. Sasa chora mstari mmoja wa maji, ufiche kila kilicho chini yake. Umepata mnyama anayekaa pembeni ya baa za Bujumbura usiku kucha, anasikia mikopo isiyolipwa, uchumba unaovunjika na siasa zinazosemwa kwa sauti ya chini, na hakuna anayejua kuwa yupo. Huyo sasa ni mhusika. Kitabu kilitoa maduara. Ziwa lilitoa macho. Mtaa ulitoa la kusikiliza. Kazi imefanyika kwa sehemu tatu, na kitabu kina moja tu.

Si sadfa kwamba mmoja wa waandishi bora wa vitabu hivi aliwahi kuchora viboko. Preston Blair alikuwa miongoni mwa waliowachezesha wale viboko wa ngoma ya baleti katika filamu ya Fantasia ya mwaka 1940, kisha mwishoni mwa muongo huo akatoa kitabu kuhusu uchoraji wa katuni za filamu ambacho bado kinanakiliwa duniani kote. Kinachomtofautisha na wengi waliomfuata ni kwamba anaanza na uzito: mwili unaegemea wapi, mstari mmoja uliopinda unapitaje kutoka kichwani hadi kwenye kisigino, kitu kizito kikidondoka kinabonyeaje. Toleo la kwanza lilitumia wahusika wa studio alizofanyia kazi. Haki zilipozuiwa, ilibidi awachore upya wengine mahali pao. Kitabu hakikupoteza kitu. Wahusika waliondoka, kiunzi kikabaki, na somo lilikuwa kwenye kiunzi tangu mwanzo.

Blair ni mzuri kwa mwili. Kwa uso, naona kitabu chenye faida kuliko vyote ni cha zamani zaidi na hakijulikani kabisa mitaani kwetu. Rodolphe Töpffer, mwalimu wa Geneva anayehesabiwa miongoni mwa waanzilishi wa hadithi za picha, alichapisha mwaka 1845 insha kuhusu sura za watu. Hoja yake ni hii: uso wowote, hata uliochorwa vibaya namna gani, tayari una tabia fulani. Basi chora uso ovyo. Utazame unasema nini. Badilisha mstari mmoja, labda nyusi, labda mdomo, utazame tena. Mwanahistoria wa sanaa Ernst Gombrich aliichukua hoja hiyo mwaka 1960 kueleza namna wachoraji wote wanavyofanya kazi: wanaweka umbo, wanalisahihisha, wanaweka tena. Zoezi la Töpffer linahitaji biki na nyuma ya karatasi yoyote. Halina mbweha wa kunakili. Na kwa kuwa uso unaanza na mkono wako, unaishia kuwa wa watu unaowajua.

Hilo la nyuso lina historia nzito kwetu. Katika vitabu vingi vya soko la kimataifa uso wa msingi ni wa Mzungu, au ule wa manga wenye macho makubwa na pua ya nukta. Vitabu vya Mmarekani Christopher Hart, vilivyoenea sana, vimewafundisha wengi namna ya kuangusha nywele kwa vishungi vyenye mng'aro. Kijana wa hapa anavifuata, anachora vizuri, kisha anataka kumchora dada yake mwenye nywele za kusuka, au bibi wa Buyenzi aliyejitanda ushungi, au mzee mwenye kofia akitoka msikitini, na ukurasa hauna neno. Mikunjo ya kitenge kilichofungwa kiunoni haimo. Namna mtoto anavyobebwa mgongoni, ambayo hubadilisha mstari mzima wa mwili wa mama, haimo. Pale Mwafrika anapotokea katika vitabu vya zamani, anatokea kama aina, midomo kwanza.

Chanzo kimojawapo tunakijua. Mchoraji Mbelgiji Hergé alichapisha safari ya Tintin huko Kongo kati ya 1930 na 1931, bila kuwahi kukanyaga Kongo. Alitegemea magazeti na jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Burundi nayo, kama Kongo, wakati huo ilikuwa chini ya Ubelgiji. Mwaka 2007 Mkongo Bienvenu Mbutu Mondondo alifungua mashtaka Brussels dhidi ya kitabu hicho, na mahakama ikayakataa mwaka 2012. Hata hivyo mstari wa Hergé, ule safi usio na kivuli, ulisambaa katika hadithi za picha za Kongo, na wachoraji wa huko waliutumia kwa mambo yao wenyewe. Walichukua mstari, wakaziacha zile nyuso. Sioni mfano bora wa namna ya kutumia kitabu cha mtu mwingine.

Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, ndiye wa kumtazama zaidi. Ameshachapisha Ulaya, na mwaka 2014 albamu yake aliyoshirikiana na Christophe Cassiau-Haurie, Madame Livingstone, iliturudisha kwenye Ziwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kwenye kazi ya kuizamisha Graf von Götzen, meli ya Wajerumani ambayo baadaye ilifufuliwa na kuitwa Liemba. Lakini kwa swali letu, lililo muhimu zaidi ni ACRIA, karakana aliyoianzisha Kinshasa ili wachoraji vijana wajifunze pamoja. Angeweza kuandika kijitabu cha hatua nne. Alichagua meza, karatasi na watu wa kusahihishana.

Ukiwatazama waliofanikiwa katika Afrika Mashariki, vitabu vya mafunzo havionekani sana katika habari zao, ila gazeti linaonekana kila mahali. Edward Gitau alimchora Juha Kalulu wa gazeti la Taifa Leo la Kenya kwa zaidi ya nusu karne. Christian Gregory alimleta Chakubanga katika gazeti la Uhuru la Tanzania, miaka ya Azimio la Arusha. Jarida la Sani, lililopata jina lake kutoka kwa waanzilishi wake Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, lilikuwa shule ya kizazi kizima cha wachoraji wa Dar es Salaam. Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, aliacha masomo ya usanifu majengo pale Chuo cha Ardhi na kwenda Nairobi kwenye gazeti la Nation mwaka 1992. Ali Masoud alichukua panya, mnyama ambaye kila kitabu kinaeleza namna ya kumchora kwa maduara matatu, akamfanya Kipanya, mtazamaji wa siasa ambaye hakuna atakayemdhania kuwa ndugu wa Mickey. Wote hao walikuwa na kitu ambacho kitabu hakina: ukurasa unaosubiri, mhariri anayepiga simu, na msomaji wa kesho asubuhi ambaye ama atacheka ama hatacheka. Mhusika hukomaa kwa kurudi. Gitau hakuhitaji kumchora Juha vizuri. Alihitaji kumchora tena.

Bujumbura ina ufinyu wa kurasa za namna hiyo. Soko la magazeti ni dogo, na tangu 2015, pale vituo kadhaa vya redio viliposhambuliwa na kufungwa, wengi katika vyombo vya habari walihama au walinyamaza. Na uso katika nchi hii unaweza kuwa jambo la mahakama. Juni 2016 mamia ya wanafunzi walisimamishwa shule katika sehemu kadhaa, ikiwemo Ruziba kusini mwa jiji, baada ya picha ya Rais Pierre Nkurunziza katika vitabu vyao vya kiada kukutwa imechorwachorwa. Machi 2019 wasichana wa shule walikamatwa Kirundo kwa sababu hiyohiyo, na watatu wakafunguliwa mashtaka ya kumtusi mkuu wa nchi kabla ya kuachiwa mwezi uleule. Vitabu hivyo vilikuwa vichache, vikipita katika mikono ya watoto wengi, hivi kwamba kumjua aliyeongeza masharubu ilikuwa vigumu tangu mwanzo. Kila kitabu cha katuni nilichowahi kukifungua kina ukurasa wa namna ya kutia chumvi sura ya mtu maarufu: kuza pua, punguza kidevu. Ushauri huo uliandikwa na watu ambao kwao adhabu kubwa ni barua ya msomaji aliyekasirika. Mwalimu wa hapa anayeufundisha analazimika kuongeza mwenyewe sentensi ya tahadhari ambayo haimo, na sidhani kama kuna njia ya kuikwepa. Labda ndiyo sababu wanyama wanatufaa. Kiboko hana chama.

Kwa aliye nazo zile karatasi za fotokopi leo, yapo ya kufanya. Azigeuze juu chini na kunakili hivyo, zoezi ambalo Betty Edwards alilieneza kwa kitabu chake cha 1979: jicho lisipotambua ni mbweha, linalazimika kufuata mistari. Achore kiunzi kilichopotea kwa kalamu nyekundu juu ya picha iliyokamilika, atafute duara liko wapi na msalaba unapita wapi. Hilo peke yake linampa zaidi ya kunakili picha mara kumi. Atafute mwenzake wa kubadilishana kazi, hata kama naye ni mwanafunzi. Kwenye maktaba ya Taasisi ya Kifaransa mjini, na katika vituo vya usomaji vya mikoani vilivyoanzishwa kwa msaada wa jumuiya ya nchi zinazozungumza Kifaransa, zipo hadithi za picha zenyewe, na kwangu albamu moja nzuri iliyosomwa kwa penseli mkononi ina thamani kuliko vitabu vitatu vya hatua nne. Vya kukaa navyo mbali ni vile vyenye picha ya nne kubwa ya rangi na hatua tatu ndogo pembeni. Hivyo ni vitabu vya kupamba rafu.

Kijitabu kinachohitajika hapa bado sijakiona, ingawa hakingekuwa na gharama kubwa. Kingekuwa na kurasa thelathini na mbili za ukubwa wa nusu karatasi, nyeusi na nyeupe tupu, maelezo ya Kirundi na Kiswahili, sentensi moja chini ya kila picha. Ukurasa wa mwili ungekuwa na mwendesha baiskeli anayeshuka kutoka Bugarama na mikungu ya ndizi nyuma yake, kwa kuwa hakuna anayefundisha uzito na mwegemeo vizuri kuliko yeye. Wangekuwemo wapiga ngoma, mikono juu, ngoma kichwani. Ng'ombe mwenye pembe zinazozidi ukurasa. Bajaji, muuza ndagala, mama mwenye mtoto mgongoni kwa mbele, ubavuni na kwa nyuma. Kila jozi ya kurasa ingeacha upande mmoja mtupu kwa ajili ya mwenye kitabu. Na mchapaji angepewa agizo la kinyume cha desturi: kiunzi kichapwe kwa mistari minene myeusi, mchoro uliokamilika kwa mistari myembamba, ili hata nakala ya kumi, iliyotolewa kwenye mashine mbovu kuliko zote za mtaa wa Bwiza, itoke na maduara yake.